Mgeni Aliyeweka Finjani Chini

Bawshar, Maskati
9 Septemba 2023

Mdogo wangu Suud,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi, na tunataraji nawe huko Nagoya uko katika afya. Baba magoti yanamsumbua, lakini bado anakwenda msikitini kwa miguu, na ukimwambia apande gari anakuuliza kama umemwona kalala kitandani. Joto limepungua kidogo, ingawa mchana hapatokeki. Mtende wa uani umezaa hadi majirani wamechoka kupokea.

Khabari kubwa ni ya binti yako. Wamekuja watu wa Al Amerat kumposa Noof. Kijana anaitwa Shihab, ni mhandisi wa maji, mpole, na Kiswahili anakijua japo anakivunja. Baba amemhoji kama karani wa pasipoti. Noof nilimuuliza peke yake kama anamtaka, kisha nikamuuliza tena, akaniambia, "Shangazi, ukiniuliza mara ya tatu ntasema simtaki." Tumekubaliana ndoa iwe baada ya Idi, Ijumaa tarehe 26 Aprili.

Sasa jambo langu. Tangu Juni simu yako haipatikani. Unajua mie kila siku naandika shajara kabla ya kulala. Mwanzo niliandika "simu ya Suud mbovu", siku hizi naandika "Suud kimya". Kisha ikaja kadi yako ya posta, maneno matatu: tukuandikie kwa barua. Mtu anayeuza magari huko Japani anaishije bila ya simu? Noof hana mama. Weye ndiye baba, na weye ndiye walii wake. Nataka neno lako kwa maandishi kuwa utakuja kumwozesha.

Dada yako,
Nasriya


Nagoya
2 Oktoba 2023

Dada yangu Nasriya,

Waalaykum salaam. Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni, sikungoja hata kuvua viatu, na huku hiyo ni aibu kubwa. Nishikie mkono wa Baba. Mwambie nami magoti yameanza, maana huku hukaliwa chini kwa magoti.

Noof anaolewa. Nimeandika maneno hayo nikayatazama. Bashayer alipofariki mwaka ule wa maradhi, viwanja vya ndege vimefungwa, nami nikamzika mke wangu kwa kutazama kioo cha simu, niliahidi kuwa siku ya ndoa ya mwanetu ntakuwapo kwa mwili wangu. Ahadi hiyo sijaisahau.

Simu isikushughulishe. Ni mambo ya kampuni na mikataba yao, yatakwisha.

Kuna mtu nataka mumjue. Anaitwa Bwana Morita, mzee wa miaka sabini na kitu. Huku mgeni hapangishwi nyumba bila ya mdhamini, na nilipofika nilifukuzwa milango mingi. Yeye alinipa chumba juu ya yadi yake, mkewe akatia saini. Msiba wa Bashayer uliponifika alifunga yadi akaja kukaa nami chini, siku zote za matanga, hasemi kitu. Hakuna aliyemfundisha. Huenda akafika Maskati mwezi wa Januari. Akija, mpokeeni kama mngenipokea mie.

Nduguyo,
Suud


Bawshar
29 Oktoba 2023

Suud,

Salaam nyingi kutoka kwa Baba na Noof. Sote wazima. Noof amechagua kitambaa cha nguo ya harusi, kisha amekirudisha, kisha amekichagua tena. Baba amefurahi sana na huyo mzee aliyekukalia matanga. Kila anayeingia barazani anasimuliwa.

Mie sikulala vizuri. Unamkumbuka Loai, mtoto wa jirani yetu Bi Shaikha? Siku hizi anaagiza magari kutoka Japani, na huko kwenu amefika mara nyingi. Alikuja kumwamkia Baba, nikamuuliza kama mazungumzo ya kupita tu: huko Japani mtu anakosaje simu? Akacheka. Akasema, "Shangazi, kule simu anakosa mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake liko kwa polisi pamoja na yakuza. Huyo hapewi simu, hafunguliwi akaunti benki, hapangishwi nyumba. Ndiyo sheria yao." Nikamuuliza hao yakuza ni nani. Akasema ni magenge, lakini magenge yenye mila, yana wazee na adabu na kadi za kuarifiana, na kwamba wengine wana yadi za magari.

Nikamtilia chai nyingine nikabadilisha maneno.

Sijamwambia Baba. Sikulaumu kwa nisilolijua. Nakuuliza tu, na swali langu ni fupi: jina lako liko wapi?

Nasriya


Nagoya
24 Novemba 2023

Dada Nasriya,

Salaam kwenu nyote. Huku baridi imeingia, majani ya miti yamekuwa mekundu na watu wanakwenda kuyatazama kama sisi tunavyokwenda kutazama bonde likipita maji. Mie ni mzima.

Loai ana mdomo, lakini hakusema uwongo.

Bwana Morita ni mkubwa wa jumba moja la watu hao. Jumba dogo, na linakufa. Wengi wao wazee, vijana hawaji tena. Wanamwita oyabun, yaani aliye mahali pa mzazi. Mwaka jana aliniita, akasema anataka kunipa kikombe. Nilidhani ni heshima tu, kama Baba anavyomwita kila kijana "mwanangu". Nikaenda na kanzu yangu nzuri.

Walikaa mistari miwili, suti nyeusi. Katikati palikuwa na kitambaa cheupe, mafungu ya chumvi, na samaki wawili wamelazwa wakitazamana. Msimamizi humimina pombe ya mchele, mkubwa hunywa kidogo, kisha hukupa, ukamaliza, ukakifunga kikombe kwa karatasi ukakitia kifuani. Nikasema mie sinywi pombe. Mmoja wa watu wa Bwana Morita akaanza kunyanyuka. Mzee akamwashiria akae. Akasema, "Mtilieni maji. Hapa hatunywi kinywaji, tunakunywa neno."

Nikanywa maji. Nilipotoka nje, wanaume wenye umri wa kunizaa waliniinamia. Baada ya miezi polisi walikuja kuniandika jina, na simu ikakatwa. Ndipo nilipojua kuwa nimekuwa mwana wa mtu.

Kazi yangu ni magari tu. Sijashika kisu wala bastola, na wallahi sijaombwa. Hapa pamoja nasi yuko mwanawe wa damu, Daisuke, ana mambo yake, na mwezi wa Septemba limetokea jambo lililolitia jumba katika dhiki. Hilo halihusiani nami.

Mzee atafika kwenu kati ya Januari. Akiomba neno lolote, mwacheni Baba ajibu. Msimjibie.

Suud


Bawshar
14 Januari 2024

Suud,

Assalaam alaykum. Baba mzima, Noof mzima, baridi yetu hii ya kuvaa shali asubuhi na kuivua saa nne imefika. Kadi za mwaliko zimepigwa chapa, jina lako liko juu, la kwanza.

Mgeni wako alikuja juzi, Ijumaa, baada ya sala. Nakuandikia kama nilivyoandika katika shajara yangu.

Alikuja na kijana mmoja aitwaye Ihara anayejua Kiingereza. Kwa hiyo mkalimani wa Baba nilikuwa mie. Nilikaa karibu na mlango wa baraza, shungi nimelifunga vizuri. Bwana Morita ni mtu mdogo, suti yake imepigwa pasi hata soksi nadhani zimepigwa. Alivua viatu akavigeuza mwenyewe vikatazama nje. Baba alipendezwa na hilo.

Waliulizana umri. Baba amemshinda kwa miaka minne, akafurahi kama kashinda kesi. Wakaulizana magoti. Mzee akamwonesha Baba jinsi anavyokanda goti lake kwa gumba, Baba akamwambia hiyo si dawa, dawa mafuta ya habasoda, akaniita nilete chupa. Wakakaa hapo watu wazima wawili, hawajui lugha moja, wanapakana mafuta ya magoti.

Kisha Baba akaona mkono wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Unamjua Baba. Akaniambia, "Muulize, mashine?" Ihara akasema ni kosa la ujanani, ndivyo kwao makosa yanavyolipwa. Baba akasema, "Kosa gani linalokula kidole?" Hilo sikulitafsiri.

Noof alileta halwa. Mimi nikamimina kahawa. Walikaa mpaka karibu na alasiri, wakaondoka kwa amani.

Nna swali. Nani alimfundisha mtu huyu adabu za kahawa yetu?

Nasriya


Nagoya
3 Februari 2024

Dada,

Salaam. Sina khabari za kuandika za nyumba, nisamehe.

Mie ndiye niliyemfundisha. Nilikuwa nikimpikia kahawa yetu hapa yadini, kwa iliki, na siku moja nikamsimulia ile ya babu: kuwa kwetu mgeni mwenye haja kubwa huweka finjani chini bila ya kuigusa, na mwenye nyumba aliye mtu humwambia, "Kunywa, lako limepita", yaani haja yako umepewa, hata kabla ya kuijua haja yenyewe, kwa sababu aibu ya mgeni kuondoka na kiu ni kubwa kuliko haja yoyote. Mzee aliniambia niirudie. Nilifurahi kuwa imempendeza.

Amerudi kutoka kwenu, akatukusanya sote. Akasema aliweka finjani chini mbele ya baba yangu, na baba yangu akamwambia anywe, naye akanywa. Watu wote wakaniinamia.

Sasa nakwambia nililokuficha. Mwezi wa Septemba Daisuke alipiga risasi mlango wa ofisi ya watu wa jumba jingine. Risasi moja ilimpata begani mwanamke anayeuza chakula cha mchana duka la jirani. Gari aliyotumia ilitoka yadini kwangu, aliichukua bila ya kuniuliza, na polisi wanaifuata gari. Mila yao ni kuwa mwana wa kikombe hutoka akasema, "Ni mimi." Huenda jela badala ya mkubwa, familia yake hutunzwa, akitoka hupokewa kwa heshima isiyo na mfano. Safari hii walinitaka mie. Bastola huku si jambo dogo. Inaweza kuwa miaka kumi.

Sikuweza kumwambia "sitaki" mtu aliyenikalia matanga ya Bashayer. Nikatafuta mlango wa adabu. Nikasema, "Mie nna baba aliyenizaa. Kwetu mwana hajitoi bila ya idhini ya baba yake." Nilidhani nimemaliza. Nani atapanda ndege mpaka Maskati kuomba idhini kama hiyo?

Mzee alipanda.

Nijibu jambo moja, na usinirehemu. Baba aliposema "kunywa", alijua anachoombwa? Kama alijua akaridhia, mie nakwenda mwisho wa Machi, wala sitarudi nyuma. Wamenipa mpaka hapo.

Suud


Bawshar
20 Februari 2024

Suud, ndugu yangu,

Nimepokea barua yako jana. Salaam ntaziandika siku nyingine.

Ilikuwa hivi; barua iliyopita nilikuficha, nikitaka nisikie kwako kwanza. Nilimmiminia Bwana Morita finjani ya kwanza. Akaipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, akaiweka juu ya zulia mbele yake, akaweka mikono yake miwili magotini. Baba alikuwa akizungumza, akakatisha. Alikitazama kile kifinjani kama aliyemwona marehemu mzee wake akiingia mlangoni. Nadhani tangu tulipotoka Unguja hakuna mtu aliyeweka finjani chini mbele yake. Vijana wa leo wanapiga simu.

Uso wake ukang'ara, Suud. Huo ndio ukweli. Alifurahi. Akanyosha mkono akasema, "Kunywa, lako limepita." Nikatafsiri. Mgeni akanywa mara moja mpaka mwisho, akaitikisa finjani kama sisi, kisha Ihara akaanza kueleza haja. Akaeleza taratibu, kwa Kiingereza kizuri, na mie nikaielewa kabla ya Baba, na nikawa sina pa kuiweka. Nilimtazama mgeni. Naye alinitazama. Ningeweza kumwambia Baba kuwa mgeni anaomba kanzu. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa sababu Baba kanipa kazi hiyo na hajanipa nyingine.

Baba alichukua birika kutoka mkononi mwangu. Alimmiminia mgeni finjani ya pili kwa mkono wake mwenyewe, akaijaza mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani ya halwa. Aliwasindikiza mpaka garini. Tangu siku ile hakai barazani. Taa ya baraza haiwashwi, na wazee wenzake wakija tunawaambia ana mafua.

Jana nilimsomea barua yako yote. Akaniambia, "Mwandikie kuwa nilijua."

Nikamwambia, "Baba, hukujua."

"Mwandikie kuwa nilijua. Mtu hatoi neno akasema hakujua. Huyo atakuwa mtoto."

Nikamwambia nimemuuliza shekhe, bila ya kutaja majina, na shekhe amesema kusema "ni mimi" na si weye ni ushahidi wa uwongo, na hapana ahadi katika maasi. Baba akasema, "Shekhe hakuwapo barazani kwangu."

Basi analosema Baba nimekwisha kukuandikia, kama alivyoniamrisha. Sasa nakuandikia nililoliona kwa macho yangu: hakujua. Tangu nizaliwe sijamvunjia Baba amri, na hii ni ya kwanza.

Na tena, Suud. Kurasa zako zote zile, yule mwanamke wa duka la chakula umempa mstari mmoja. Mzima?

Nasriya


Nagoya
8 Machi 2024

Dada yangu,

Salaam na kheri ya mwezi mtukufu unaokuja. Ahsante kwa kuniambia.

Yule mwanamke anaitwa Bi Kondo. Yu hai, mkono wake haunyanyuki. Zamani nikinunua kwake wali na samaki. Sijakwenda kumtazama, kwa sababu sijui ntaingia kwake kama nani.

Nilikwenda kwa Mzee peke yangu. Nikamwambia, "Baba yangu hakujua alichokupa." Alikuwa akipogoa mti wake mdogo wa kwenye chungu, hakuacha. Akasema, "Najua. Dada yako alinitazama wakati akitafsiri. Ana macho makali." Nikasema, "Basi idhini si idhini." Akasema, "Baba yako amesema kuwa hakujua?" Nikakubali kuwa Baba hakusema. Akasema, "Yeye ni mtu. Hatasema. Kwa hiyo nna idhini."

Nilimkasirikia, Dada, mara ya kwanza. Nikamwambia, "Umemwibia mzee neno ndani ya nyumba yake." Akaweka mkasi chini. Akasema, "Naam. Daisuke ni mwanangu wa pekee. Weye nimekunywesha maji, lakini yule nimemzaa." Alisema hivyo bila ya ukali, kama mtu anayekuonesha mahali panapomuuma. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa nimefikiri. Nikikataa, Baba atakuwa ametoa neno likaanguka, naye katika umri ule hana kitu kingine anachokithamini. Nikikubali, neno lake limesimama. Na yule mzee, pamoja na yote, alikaa nami chini siku ambayo sikuwa na ndugu. Sioni njia. Mwambie Baba amwozeshe Noof yeye, babu anatosha kuwa walii. Mwambieni Noof nimezuiwa na kazi. Ntakwenda kituoni tarehe 31.

Usinijibu kwa hasira. Nijibu tu.

Suud


Bawshar
20 Machi 2024
(kwa posta ya haraka)

Suud,

Tuko katika Ramadhani, sote tumefunga, sote wazima. Noof sijamwambia kitu, wala sitamwambia uwongo wako wa kazi. Ukitaka kumdanganya, njoo umdanganye mwenyewe.

Nilimsomea Baba barua yako baada ya futari. Nilipofika pale uliposema sioni njia, akaniambia nisimame. Akaniuliza, "Yule mzee alikuja kuomba nini kwangu? Mtu wa kwenda badala ya mwanawe, sivyo?" Nikasema ndivyo. "Nami nikasema lako limepita." Nikasema naam. Akasema, "Basi Suud ana nini na mambo haya? Neno nimetoa mimi. Mtu atatoka kwangu. Ntakwenda mimi."

Nilidhani ni maneno ya swaumu. Asubuhi alinitaka pasipoti yake. Imekwisha muda, akamwita Loai, wakaenda wote wawili kuibadilisha. Loai akaniambia kwa simu, "Shangazi, karani kamuuliza anakwenda Japani kufanya nini, Baba kamwambia anakwenda kulipa." Sasa anasubiri viza. Amenunua koti zito hapa kwenye maduka makubwa ya Bawshar, kwa joto hili, amelijaribu mbele ya kioo. Sanduku liko mlangoni mwa chumba chake, habasoda imo ndani.

Nimemwambia, "Baba, watu hao watacheka. Nani atakubali kuwa mzee wa miaka themanini alikwenda Japani kupiga risasi?" Akasema, "Wakicheka, watacheka mbele yangu. Mie nitakuwa nimefika." Nikamlilia. Kanambia nisimharibie funga.

Anasema umwambie Bwana Morita maneno haya, na nimeyaandika kama alivyoyatamka: "Nilikupa changu. Mwanangu si changu, ni wa nafsi yake. Kama mtu ndiye anayetakiwa, mie nipo, nami ni mkubwa kuliko yeye na sina kazi. Nipokee uwanja wa ndege, kwa sababu sijui njia."

Mfikishie. Mfikishie kabla ya tarehe 31. Mie nimeshachoka kutafsiri baina ya wazee wawili. Safari hii kazi ni yako.

Nasriya


Nagoya
2 Aprili 2024
(kwa posta ya haraka)

Dada yangu Nasriya,

Waalaykum salaam. Barua yako ilifika tarehe 26. Mie nipo nje. Sikujisalimisha kituoni.

Nilimsomea Mzee maneno ya Baba, kwa Kiswahili kwanza ili asikie sauti yake, kisha kwa lugha yao. Aliniuliza mara mbili kama nimekosea. "Baba anataka kwenda badala ya mwana?" Nikasema naam. "Pasipoti ameshabadilisha?" Nikasema naam, na koti amenunua.

Dada, katika mila yao yote, vitabu vyote vya adabu walivyonifundisha, anayekwenda jela ni wa chini kwa ajili ya wa juu. Mdogo kwa mkubwa, mwana kwa mzazi. Haijapata kuwa kinyume. Nadhani hakuna aliyekataza; ni kwamba hakuna aliyewaza. Watu wake walikuwapo, na mmoja akacheka kidogo kwa pua, akatolewa nje.

Akaniruhusu niondoke. Asubuhi ya tarehe 31 aliniita nimletee gari. Nikajua ni mie, nikavaa suti. Nilipofika alikuwa amekaa kizingitini, amevaa koti lake la kijivu, mkewe kapiga magoti nyuma yake. Hakuweza kuinama kwa goti lile. Nikamvalisha viatu. Akakaa kiti cha nyuma, akaniambia niende kituo cha polisi cha wilaya, na niende polepole.

Njiani alisema maneno machache. Aliniambia kuwa kikombe changu kimekwisha, na kwamba Daisuke, ambaye sasa atakaa kiti chake, atapeleka kadi za wino mwekundu kwa majumba yote, kuwa Suud hajulikani tena wala asipokewe. Akasema, "Usizikasirikie. Nimemwagiza mimi. Mwenye kadi nyekundu hakuna atakayemwomba kitu." Nikamwambia kuwa hata hivi ni uwongo, kuwa si yeye aliyepiga, na kuwa yupo mwanamke ambaye mkono haunyanyuki. Akasema, "Najua. Huo ni uwongo wangu, sasa utakuwa na mimi, si na wewe."

Tulipofika hakutaka nishuke. Alishuka mwenyewe, akafunga mlango, kisha akaugonga ule mlango kwa kidole nikateremsha kioo. Akasema, "Mwambie baba yako asipande ndege. Huku bado baridi." Akaingia.

Jana nilikwenda kwa Bi Kondo. Aliniuzia chakula. Sikusema nililotaka kusema, na hilo nalo nakuandikia ili liwe limeandikwa. Nna tiketi ya tarehe 14. Liondoe lile koti.

Suud


Bawshar
8 Aprili 2024
(kwa posta ya haraka, sijui kama itakuwahi)

Suud,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Idi iko mlangoni, nyumba inanukia ufuta na iliki. Noof nimemwambia unakuja tarehe 14. Alikwenda chumbani akajifungia, na nimesikia redio ikipandishwa sauti.

Barua yako nimemsomea Baba alasiri. Aliisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliniambia nimrudilie pale penye viatu, nikamrudilia. Akakaa. Sikujua kama amefurahi au amefiwa. Koti lipo bado juu ya sanduku, nimeliondoa, amelirudisha.

Magharibi alitoka akaiwasha taa ya baraza kwa mkono wake. Wazee wawili walikuwa wanapita, wakaingia. Hakuwasimulia kitu. Walipokwisha kuondoka nikaja kuokota vikombe, akaniuliza swali moja tu kuhusu mambo haya yote.

"Yule mwanawe, alitoka kumsindikiza?"

Nikaitazama tena barua yako. Umemwandika mkewe kizingitini, umejiandika mwenyewe. Daisuke hukumwandika. Nikamwambia, "Baba, Suud hakusema."

Akasema, "Hakusema," kisha akaenda kutia udhu.

Nasriya